Mchezo wa Shule Ulioondolewa Shule



Kuna jibu ambalo tumelisikia hadi tumelichoka. Mzazi akiulizwa mbona mwanawe yuko mbele ya skrini tangu alasiri mpaka isha, husema: "Ah, huo ni mchezo wa shule tu, si ule wa bunduki." Sawa, bunduki hamna. Je, shule imo? Hebu tuuchukue mchezo mmoja tuutazame kwa macho, maana kulaumu usichokiona ni uvivu, na kukisifu usichokiona ni uvivu vilevile.

Mchezo wenyewe ni Rival Schools wa kampuni ya Capcom ya Japani. Ulitoka mwaka 1997 katika mashine za kumbi za michezo, na mwaka 1998 ukaingia PlayStation. Kisa chake ni hiki: katika mji wa Aoharu wanafunzi wa shule mbalimbali wanashambuliwa na kutekwa. Kijana Batsu, ambaye mama yake ametoweka, anahamia shule ya Taiyo, na pamoja na wenzake Hinata na Kyosuke anaanza kuwasaka wahusika. Mchezaji huchagua wawili. Mmoja anapigana, wa pili anaitwa kusaidia. Ipo shule ya wanamichezo, Gorin, ambako Shoma anapiga watu kwa gongo la besiboli, Natsu kwa mpira wa voliboli na Roberto kwa mpira wa miguu. Ipo shule ya wahuni, Gedo. Walimu nao hawakuachwa. Mwalimu Hideo na muuguzi wa shule Kyoko wanazipiga na wanafunzi, na mwalimu mkuu wa shule ya Justice, Raizo, ndiye anayekabiliwa mbele kabisa. Baadaye inabainika kwamba hata yeye alitiwa kasumba na mpwa wake, Hyo.

Tuseme haki. Kisa hicho si kibaya. Watoto wanatoka kwenda kuwakomboa wenzao, na kijana anamtafuta mama yake. Hata yule msaidizi, mara nyingine haitwi kupiga bali kumwongezea mwenzake nguvu. Kama mtoto angeyashika hayo, tungekuwa na machache ya kulalamikia.

Lakini tazameni kilichofanyika sokoni. Toleo la Japani la PlayStation lilikuwa na sehemu nzima ya maisha ya shule. Mchezaji alitengeneza mwanafunzi wake mwenyewe, akapita naye katika mwaka wa masomo, akajenga urafiki na wanafunzi wengine, na kwa urafiki huo ndipo akajifunza mapigo yao. Capcom ilikusudia kuitoa kwa Kiingereza kwa jina la School Life, kisha ikaacha. Wanunuzi wa nje ya Japani wakapewa ngumi, pamoja na vijimchezo vichache vya kupitishia muda.

Mwaka 2000 ukaja mchezo wa pili, Project Justice, wenye timu za watatu watatu. Kwenye mashine ya Dreamcast, Wajapani walipewa mchezo wa ubao wa kumkuza mwanafunzi wao. Toleo la Kiingereza likaukosa. Mara mbili! Penye maneno mengi pamekatwa, penye mateke pamebaki. Ngumi haihitaji mkalimani, na mfanyabiashara analijua hilo.

Kwa hiyo mzazi anaposema "ni mchezo wa shule", tunamuuliza: shule ipi? Alichouziwa ni sare bila darasa. Jina la shule limekuwa bendera ya vita, shule jirani imekuwa adui, mpira umekuwa silaha, na mwalimu ni mtu wa kuangushwa ili uendelee mbele. Sisi wenyewe tunajua jinsi mechi za shule zetu zinavyoweza kuishia kwa mawe. Hatusemi mawe hayo yametokana na gemu, tusije tukazua. Tunasema mtoto anayeishi katika hali hiyo hahitaji kuzoeshwa zaidi kwamba wa shule nyingine ni wa kupigwa.

Na kile kisa kizuri kilichobaki kiko wapi? Kimewekwa kwa maandishi kati ya pambano na pambano, nako mtoto anabonyeza kitufe kuyaruka. Ukibonyeza, Batsu hana mama wala hakuna aliyetekwa. Wamebaki watu wawili wanaopigana bila sababu.

Wapo watakaotaka tuseme ni haramu, tufunge mjadala. Hilo lina wenyewe, nao ni masheikh; sisi tunazungumza malezi. Isitoshe, kupiga marufuku kwa mtu asiyejua hata jina la mchezo, mtoto anakusikiliza huku akicheka moyoni. Amana ya mtoto hailindwi kwa kelele za kutoka jikoni.

Wala msidhani ni mambo ya zamani. Mei 2025 Project Justice ilirudi ndani ya mkusanyo uitwao Capcom Fighting Collection 2, safari hii ikichezwa hata kwa intaneti na watu usiowajua. Huko hakuna kisa kabisa, ni pambano baada ya pambano.

Tunachoomba si kigumu. Leo baada ya isha keti karibu na mwanao, naye acheze. Muulize: Batsu anapigana kwa nini? Nani ametekwa? Raizo amepatwa na nini? Nanyi wanafunzi mnaokijua Kiingereza, wasomeeni wadogo zenu yale maandishi, msiyaruke. Akijibu, mwache amalize duru yake. Asipojibu, zima mashine mpaka siku atakapoweza kukusimulia.