Kwenda baharini na watoto: safari isiwe mbio

Korosho zikiuzwa na shule zikifungwa Desemba, familia nyingi za Masasi na Newala hupanga kwenda kuona bahari. Masasi hadi Mtwara ni takriban kilomita 200, na wapo madereva wanaojisifu kuzimaliza bila kusimama hata mara moja. Anayeumia ni mtoto aliye kiti cha nyuma.

Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Sikio la ndani huhisi gari linakwenda, lakini macho yaliyoinamia simu huona kitu kimetulia. Ubongo huchanganyikiwa na mtoto hutapika. Mzazi ampe chakula chepesi kabla ya kuondoka, si vitumbua vyenye mafuta mengi. Simu iwekwe kando, dirisha lifunguliwe kidogo, na mtoto atazame mbali mbele. Akitapika, apewe maji kidogo kidogo.

Dawa nyingine ni kupumzika. Ndanda, chini ya uwanda wa Wamakonde, panafaa kunyoosha miguu na kwenda chooni. Nyangao nako panafaa. Mnazi Mmoja barabara inagawanyika, upande mmoja Lindi, mwingine Mtwara. Anayekwenda Mtwara hupita Mikindani, na hapo ghuba na majumba ya kale humpa mtoto mengi ya kuuliza. Familia ikisimama, mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Joto hupanda upesi, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29. Msimu wa korosho malori ni mengi, hivyo ni salama zaidi kuondoka alfajiri na kufika kabla ya giza. Mtoto akae nyuma na kufungwa mkanda, asipakatwe mbele. Wanaopanda basi wachague la asubuhi na kumkatia mtoto kiti chake.

Wakifika ufukweni, mtu mzima mmoja abaki karibu na watoto kiasi cha kuwafikia kwa mkono, simu ikiwa mfukoni. Bahari haina haraka, itawasubiri hata wakichelewa saa mbili.