Kondoo wa Udh-hiya Huandaliwa Tangu Ramadhani



Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka inapobaki wiki moja kufika Idd el-Adh-ha, mazungumzo ya Buyenzi na Bwiza huwa ni bei ya kondoo. Baba mwenye kipato kidogo hujiona ana njia mbili tu: akope anunue aliyenona, au achukue aliyekonda kwa fedha alizonazo. Sisi tunasema iko njia ya tatu, nayo ni kununua mwanakondoo mapema na kumnenepesha nyumbani. Si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih ya Imam Bukhari, kutoka kwa Abu Umama bin Sahl, kwamba Waislamu wa Madina walikuwa na desturi ya kuwanenepesha wanyama wao wa udh-hiya.

Jambo hili lina uzito wake katika sharia. Mtume (s.a.w.) ametubainishia wanyama wanne wasiofaa kuchinjwa udh-hiya: mwenye chongo la wazi, mgonjwa wa wazi, kiguru wa wazi, na aliyekonda mpaka mifupa yake haina uboho. Basi chakula tunachompa mnyama huyu kinaingia katika ibada yenyewe.

Zamani kondoo wa mjini alifunguliwa asubuhi akajitafutia. Hilo halipo tena. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 ilitoa muda wa miaka 3, na tangu Oktoba 2021 mifugo haitakiwi kuzurura popote hapa Burundi. Mnyama hukaa bandani, chakula humfuata. Ndiyo maana wengi wanasema ufugaji umekuwa ghali. Tunakubali kwamba gharama ipo, lakini mara nyingi tunaiongeza wenyewe kwa kutojua kuchagua.

Tatizo la kwanza ni kuchagua gunia kwa bei yake. Pumba za mpunga wa Imbo ni rahisi kupatikana kwenye vinu, lakini si pumba zote ni sawa. Kinu kidogo huchanganya pumba na maganda, na maganda hayana lishe ya maana. Chukua konzi moja, mimina katika bakuli la maji, koroga, subiri kidogo: maganda mengi yataelea juu. Zinuse pia, kwa sababu pumba za mpunga zina mafuta na zikikaa huvunda. Gunia la bei ndogo lililojaa maganda ni ghali kuliko gunia la bei ya juu lenye pumba tupu.

La pili ni kununua kile ambacho tayari tunacho. Majani tunaweza kuyapata bila fedha nyingi: matete, majani ya viazi vitamu, makapi ya maharage, maganda ya ndizi. Maganda ya muhogo yanafaa pia, lakini yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri, kwa sababu mabichi yana sumu. Kinachokosekana ni protini, na hiyo ndiyo tuitolee fedha: mashudu ya pamba, ya alizeti au ya soya, yoyote yatakayopatikana kwa bei nafuu.

Kwa mchanganyiko wa kilo 10, tunapendekeza kilo 7 za pumba, kilo 2 na gramu 700 za mashudu, gramu 200 za chokaa ya mifugo (si ile ya kupaka ukuta) na gramu 100 za chumvi. Chokaa hiyo msiipuuze. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na kondoo dume anayelishwa pumba peke yake anaweza kupata mawe ya mkojo, akashindwa kukojoa akafa siku chache kabla ya Idd. Maji safi yasikosekane.

Mwanakondoo wa kilo 15 hivi anatosheka na gramu 250 za mchanganyiko huu kwa siku, juu ya majani yake. Anza na konzi moja, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili ili tumbo lizoee. Sasa tupige hesabu pamoja: gramu 250 kwa siku 90 ni kilo 22 na nusu. Yaani gunia moja la kilo 50 linalisha kondoo wawili kwa miezi mitatu, na linabaki kidogo! Majirani wawili wakichangia gunia moja, hakuna atakayekopa. Na anayeanza tarehe 10 Ramadhani, miezi mitatu yake inatimia tarehe 10 Dhul-Hijja, siku ya Idd yenyewe.

Tahadhari mbili za afya. Msimpe kondoo chakula cha kuku wala cha nguruwe, hata mkipewa bure. Vyakula hivyo huongezwa madini ya shaba, na kondoo huathirika na shaba kuliko mifugo mingine. Hujikusanya katika ini mpaka siku moja anaanguka. Kwa sababu hiyo hiyo, mashudu ya mise kutoka upande wa Rumonge, ingawa ni rahisi, yawe kidogo tu na yasiwe ndiyo tegemeo.

Kuna suala tunaloulizwa sana: machicha ya shayiri kutoka kiwanda cha bia. Shayiri hulowekwa katika maji ya moto, maji yale huchujwa, na machicha hutolewa kabla hamira haijatiwa. Kwa hiyo hayajawa ulevi, na hatuoni sababu ya kuyaita pombe. Anayejizuia kununua huko kwa uchamungu wake, tunamheshimu. Ama machicha ya pombe ya kienyeji iliyokwisha kuchachuka, hayo ni bora tuyaache. Tukumbuke pia kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kula nyama ya mnyama anayekula najisi. Mafaqihi wa madhehebu ya Shafi wametaja kwamba kondoo wa namna hiyo afungiwe na alishwe chakula safi siku 7 kabla ya kuchinjwa. Basi banda lisiwe jirani na jalala.

Kabla ya kununua, ulizeni umri. Maulamaa wengi wanakubali kondoo aliyetimiza miezi 6, na kwetu Mashafi ni aliyetimiza mwaka au aliyeng'oa meno ya mbele. Basi mwenye miezi 9 mwanzoni mwa Ramadhani atakuwa ametimiza mwaka siku ya Idd, in shaa Allah.

Wazazi, wapeni watoto kazi hii. Mmoja akate majani, mwingine apime chakula, mwingine abadilishe maji. Darasani tunawafundisha kwamba udh-hiya ni kumtolea Allah kilicho kizuri. Nyumbani watajifunza kwamba kilicho kizuri hutunzwa siku 90, hakiokotwi sokoni usiku wa Arafa. Na siku ya kugawa nyama, jirani maskini atapata fungu lenye nyama, si mifupa mitupu.

Wabillahi tawfiq.