Nani Atakukatalia?

Mwandishi wa riwaya aliyeko Uvira akishamaliza mswada wake hupiga hesabu ya njia. Kinshasa iko kama kilomita 1,500 kwa ndege, na vitabu vya huko huandikwa zaidi kwa Kifaransa. Bukavu, ukipita Kamanyola na makona ya Ngomo, kuna CERUKI, lakini hiyo ni nyumba ya vitabu ya watafiti wa chuo, haikuanzishwa kwa ajili ya hadithi za mapenzi na ndoa. Bujumbura haifiki kilomita 30, ilimradi mpaka wa Kavimvira uwe wazi siku hiyo. Dar es Salaam ndiko zinakochapwa riwaya nyingi za Kiswahili, na kati yetu na Dar kuna Ziwa Tanganyika, kuna Kigoma, halafu kuna nchi nzima ya kuvuka. Mwisho wa hesabu hiyo mwandishi hutazama mfuko wake mwenyewe.

Toleo hili linahusu uamuzi huo wa kujichapishia. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anabishana na nani: naunga mkono. Ila sababu inayotolewa mara nyingi, kwamba wachapishaji wametukataa, naiona dhaifu. Wengi wetu hatujakataliwa na mtu. Hatujapeleka.

Wakati sisi hatupeleki, mwambao huu umeandikwa sana, tena na wapita njia. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 wakihangaika na chanzo cha Nile. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaja kuhakikisha kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumwambia Burton miaka 13 kabla.) Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Fizi, na masimulizi yake ya miezi ile tunayasoma leo yakiwa yametafsiriwa kutoka Kihispania.

Mwaka huohuo wa 1965 kulitokea jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi, na halikupigiwa mbiu. Kule Élisabethville, mji tunaouita sasa Lubumbashi, André Yav alikusanya historia ya mji kama walivyoijua watu waliofanya kazi majumbani mwa Wazungu: wapishi, maboi, wafua nguo. Ikapigwa taipu kwa Kiswahili chao cha mjini, kichwa chake kikiwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Haikupitia nyumba yoyote ya vitabu. Ilibidi ifike 1990 ndipo mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaitoa pamoja na tafsiri na maelezo, na wanazuoni wa dunia wakaanza kuijadili. Yav na wenzake hawakungoja mtu awathibitishie kwamba Kiswahili chao kinafaa kuwekwa kwenye karatasi.

Kungoja nako kuna gharama yake. Shaaban Robert, ambaye hakuna atakayesema hakujua kuandika, alifariki 1962. Kufikirika ilitoka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata 1968. Ikiwa yeye alizikwa kabla ya vitabu hivyo kutoka, mwalimu wa Mulongwe, hapa Uvira, angoje nini?

Lakini tuwaangalie vizuri waliojichapishia wakafika mbali. Zamenga Batukezanga, mmoja wa waandishi waliosomwa sana Kongo, alianza na wachapaji wa Saint-Paul kisha akaunda nyumba yake mwenyewe, Zabat, mjini Kinshasa. David Maillu wa Kenya alianzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akauza vitabu vyembamba ambavyo wahakiki waliviona uchafu na makarani wa Nairobi walivinunua. Tanzania ilivipiga marufuku 1976, na kampuni yenyewe haikudumu. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma ng'ambo ya ziwa letu, alikuwa na Heko Publishers, na humo akatoa riwaya zake na za wenzake. Hawa watatu hawakulipia chapa tu wakaenda nyumbani. Walifungua ofisi, wakatafuta wauzaji, wakadai madeni, wakaamua bei. Walikuwa wachapishaji. Anayetaka kufuata njia yao ajue anaomba kazi ya pili, isiyo na mshahara.

Mwaka huu tuliletewa mswada na mwalimu mmoja wa sekondari wa hapa Uvira. Ni riwaya yake ya kwanza, kuhusu wanawake wanaosafirisha samaki wadogo waitwao ndagala kati ya bandari ya Kalundu na Baraka. Sura za bandarini ni nzuri mno. Unasikia mama anavyobishana na mwenye boti juu ya bei ya gunia. Kisha inakuja sura ya mchungaji anayehubiri kurasa kumi na moja, na hadithi inasimama. Nilimwambia, "Mama Mwalimu, hii sura ikatwe." Akanijibu kwamba hiyo ndiyo waliyoisifu wote waliosoma. Nikauliza ni akina nani. Dada yake, wifi yake, na mchungaji.

Hapo ndipo penye kiini cha neno langu. Mchapishaji mzuri hatoi fedha peke yake. Anampa mwandishi mtu mwenye sababu ya kusema hapana: aliyeweka fedha zake, asiyeogopa kukuudhi, na asiyekula nawe Jumapili. Ukijichapishia unamfuta mtu huyo, na usipomtafuta mwingine utauza rasimu yenye jalada zuri. Nimeona vitabu vya namna hiyo katika eneo letu, jalada la kung'aa, picha ya mwandishi amevaa suti nyuma, na ndani jina la mhusika linabadilika ukurasa wa 40. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nao hauwapendezi wengi: dola za kwanza zimwendee mhariri kabla ya mchapaji. Kama hayupo wa kulipwa, tafuta mwalimu wa Kiswahili wa shule nyingine, asiyekufahamu, na mfanyabiashara wa ziwani ambaye atacheka ukikosea jinsi boti inavyopakiwa. Redio zetu nazo zipo. Sura ikisomwa hewani jioni, kesho yake watu sokoni watakuambia kama wanataka kujua kilichofuata, na wasipotaja chochote umeshajibiwa.

Hesabu nazo zisikimbiwe. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Riwaya ya kurasa 160 inaingia mafungu kumi sawasawa, na ya kurasa 163 inakulazimisha kulipia karatasi zisizo na neno. Tuseme nakala 300 zinachapwa kwa dola 3 kila moja: ni dola 900. Ukiuza kwa dola 5 na muuzaji akabaki na dola 1, inabidi uuze 225 ndipo urudishe mtaji, kabla hujahesabu zile ulizotoa kwa wajomba, wale wa ofisini, na wote wanaosema "nitakulipa mwisho wa mwezi" katika mji ambapo mshahara wenyewe haujui mwisho wa mwezi. Wachapaji wa mashine za dijitali hukubali kazi ndogo, nakala 50 au 100, kwa bei ya juu kidogo kila moja. Kwa riwaya ya kwanza ningechukua hizo. Na maboksi yasilale sakafuni. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, watu walipoteza jamaa zao na nyumba zao. Tangu hapo sipendi kusikia mtu amehifadhi karatasi chumba cha chini.

Kuna pia suala la Kiswahili chenyewe. Mhariri wa mbali angeweza kusafisha mazungumzo ya Kalundu mpaka yafanane na taarifa ya habari. Anayejichapishia ana uhuru wa kuyaacha yalivyo. Autumie kwa makusudi, asiufanye kisingizio cha kutosahihisha.

Sheria haina ugumu unaotiwa chumvi. Haki ya mwandishi inalindwa na amri-sheria namba 86-033 ya Aprili 5, 1986, na haki hiyo inazaliwa na kazi yenyewe. Hakuna wa kulipwa ili riwaya iwe yako. Jihadhari zaidi na barua tamu kutoka Ulaya zinazosema mswada wako "umekubaliwa", halafu ukurasa wa tatu wa mkataba unakutaka ununue mwenyewe makumi ya nakala. Huko ni kujichapishia kwa jina la mtu mwingine, na kwa bei yake. Kabla ya kutia saini, au hata kabla ya kwenda kwa mchapaji, peleka mswada kwenye tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na wanaosoma huko hawamjui wifi yako.

Mama Mwalimu amekata kurasa saba za mahubiri; nne amegoma kuziachia. Atachapa nakala 100 kwanza, kwa fedha alizokopa kwenye kikundi chao cha akiba, na sura yake ya bandarini tumeiweka katika toleo hili. Mwenzangu kwenye dawati la uhariri anaona tumemharakisha: anasema riwaya ya kwanza inahitaji miaka miwili zaidi kabatini, na kwamba mimi nimepofushwa na ile sura ya ndagala. Makala yake inaanza ukurasa unaofuata, na sikuigusa hata nukta.