Kukanda si Kutibu

Wako watu wasemao kwamba tabibu wa viungo ni mkandaji tu aliyevaa nguo nyeupe. Husema, "Nyanya yangu alikanda kijiji kizima kwa mafuta ya nazi, wala hakuwa na cheti." Maneno hayo nimeyasikia sokoni, nimeyasikia ndani ya matatu, na lililonihuzunisha zaidi, nimeyasikia katika chumba cha walimu. Nayapinga kwa sababu nimeona gharama yake.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alianguka uwanjani, akaumia kiwiko cha mkono wa kulia. Jamaa zake hawakumpeleka hospitali kupigwa picha. Walimpeleka kwa mchuaji aliyesifiwa sana. Mchuaji akakichua kiwiko kilichovimba kwa mafuta ya moto, asubuhi na jioni, akikikunja na kukinyosha kwa nguvu huku mtoto akilia. Alifanya hivyo kwa nia njema, hilo silikatai. Lakini nyama iliyoumia karibu na kiwiko, ikilazimishwa namna ile, huweza kuota mfupa ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya miezi kadhaa mkono haukukunjika wala kunyoka.

Tabibu wa viungo angefanya nini? Kwanza angeuliza: ulianguka vipi, vidole vina ganzi? Angepima kiwiko chakunjika kiasi gani, akalinganisha na kile kizima. Akishuku mfupa, angemtuma kwa daktari kabla ya kugusa zaidi. Mfupa ukiisha kuunga, angemfundisha mazoezi ya kufanya mwenyewe, kidogo kidogo. Hapo ndipo wengi wasipoelewa, kwamba kazi ya tabibu huyu mara nyingi haimo katika mikono yake bali katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ndiye amfundishaye aliyepatwa na kiharusi kusimama tena, na amsaidiaye mgonjwa wa mapafu kutoa makohozi.

Tena hujua wakati wa kutogusa. Mguu uliovimba baada ya mtu kulala kitandani siku nyingi huenda una damu iliyoganda mshipani. Ukichuliwa, donge lile laweza kung'oka likaenda mapafuni, na mgonjwa akafa. Mafuta ya nazi hayajui hayo. Hujulikana kwa kusoma, na stashahada ya kazi hii huchukua miaka mitatu, shahada minne.

"Lakini cheti ni karatasi," huniambia. Naam, hata hati ya shamba ni karatasi. Mbona huifungia sandukuni? Mwaka 1894, mjini London, wauguzi wanne walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, kwa kuwa kazi yao ilikuwa imechafuliwa na watu wasio na mafunzo wala haya. Waliweka mitihani, na asiyefaulu hakupokewa. Hapa kwetu Bunge lilitunga sheria ya matabibu wa viungo mwaka 2014, na Baraza lao likaundwa kuwaandikisha. Aliyeandikishwa akikosea, yuko wa kumwuliza, na jina lake laweza kufutwa. Mchuaji wa mwanafunzi wangu angali anachua. Hakuna aliyemwuliza neno, wala hakuna daftari la kumfuta.

Nakubali kwamba matabibu hawa ni wachache, na nauli ya kuwafikia si ndogo. Hiyo ni sababu ya kudai waajiriwe wengi zaidi hata katika hospitali ndogo. Si sababu ya kumkabidhi mtoto kwa kila mwenye chupa ya mafuta. Nanyi mnaosoma haya, mwenzenu akiumia uwanjani, msimvute mkono kuurudisha mahali pake. Ufungeni utulie, mkamwite mwalimu.

Mwanafunzi yule alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hati yake ilikuja kuwa safi, ila ya polepole. Katika mtihani wake wa mwisho saa zilimwishia angali katikati ya insha.