Miaka 100 ya CISAC, na Gitaa la Jadotville

Mwaka huu wa 2026 CISAC, shirikisho la vyama vya watunzi duniani, linatimiza miaka 100. Lilizaliwa Paris mwaka 1926, vyama 18 vilipopatana kwamba wimbo ukivuka mpaka, haki ya mtunzi ivuke nao. Leo wanachama wamepita 220. Kwetu Kongo kazi ya kukusanya haki hizo iliwahi kuwa ya SONECA, iliyoundwa 1969. Tangu 2011 ni ya SOCODA.

Sisi wa Kikula, hapa Likasi, tuna sababu yetu ya kupiga vigelegele. Mwaka 1952, mji huu ukiitwa bado Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta hapa kijana kutoka Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akiwa na gitaa lake. Akamrekodi. “Masanga” ikatoka kwenye santuri za Gallotone za Afrika Kusini na kuwafikia wapiga gitaa wa Kenya, ambao wengi walijifunza kupiga kwa vidole kwa kumwiga.

Sasa, “Masanga” ni mali ya namna mbili. Kuna utunzi, uliokuwa kichwani mwa Mwenda kabla Tracey hajafungua mashine yake. Na kuna sauti iliyonaswa siku ile. Utunzi hupewa namba ya ISWC, ambayo CISAC ndiyo inayoisimamia na ambayo kiwango chake kilitangazwa mwaka 2001: herufi T, tarakimu tisa, kisha tarakimu moja ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na zile tisa, ili karani akikosea kuandika, kompyuta ikatae. Namba ya kwanza kabisa walipewa ABBA kwa “Dancing Queen”. Hatuna kinyongo na Waswidi, ila “Masanga” ni mkubwa wa wimbo huo kwa miaka 24.

Rekodi ina namba yake, ISRC, ya mwaka 1986, iliyo chini ya IFPI, shirikisho la kampuni za rekodi: herufi mbili, alama tatu za msajili, tarakimu mbili za mwaka na tano za rekodi yenyewe. Mwaka huo ni wa kutolewa namba, si wa kurekodi. Sauti ya 1952 ikisajiliwa leo itaandikwa 26. Rekodi ikiuzwa, namba haibadiliki. Kijana wa Kikula akiupiga upya wimbo huo studioni, anapata ISRC mpya. ISWC inabaki ileile, na mtunzi anabaki Mwenda.

Sifa kubwa tunayoipa CISAC, hata hivyo, ni kwa kazi isiyoonekana: majina. Mtu wetu aliandikwa Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda, tena Mwenda wa Bayeke. Wimbo nao huitwa “Masanga” au “Masanga Njia”. Karani aliye mbali angedhani ni watu watatu na nyimbo mbili. Namba ya IPI, inayotunzwa na chama cha SUISA cha Uswisi, humkusanya mtu mmoja na majina yake yote, na utunzi haupati ISWC mpaka watunzi wake watambulike. Mwenda alifariki 1990. Kwa sheria ya Kongo ya 1986, haki hudumu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo suala hili lina uhai mpaka 2040.

Kwaya na vijana wetu leo wakiweka wimbo mtandaoni, msambazaji mara nyingi huwapa ISRC papo hapo. Wanaona kazi imekwisha. Namba ya utunzi haiji yenyewe. Inataka uanachama na fomu, na bila hiyo fedha za mtunzi hazijui pa kwenda. Zawadi ya jubilei tunayoiomba kwa SOCODA ni karani mwenye meza Kikula, siku za soko. Na makundi yetu yaje yakiwa yameshapatana nani alitunga maneno, nani muziki, na kila mmoja asilimia ngapi. Wakianza kubishana mbele ya meza, foleni haitasogea.