Karata ya Mtaani ni Uzururaji, Mashine ya Dubwi ni Uwekezaji?

Kuna jambo dogo ambalo wasomi wa nchi hii hatuliandiki kwa sababu tunaliona halina hadhi ya kuandikwa. Jambo lenyewe ni karata. Sizungumzii "karata za kisiasa" wanazozitaja wachambuzi kila uchaguzi unapokaribia, bali karata zenyewe za karatasi, zinazochezwa chini ya mwembe Mbagala, kwenye baraza la fundi cherehani Tandika, na pembeni ya kijiwe cha kahawa Mwananyamala. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba namna dola inavyomtazama kijana aliyeshika karata inatueleza mengi kuhusu dola hiyo kuliko kuhusu kijana huyo.

Tuanze na historia, maana wapo wanaodai karata ni uhuni ulioingia juzi kutoka mijini. Karata ni sehemu ya Kiswahili kwa karne kadhaa. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na hadi walipopoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 walikuwa wamekwisha kutuachia msamiati mzima wa mchezo huu. Neno "karata" lenyewe ni la kwao. Shupaza, kopa, uru na pau ni majina ya Kireno yaliyovishwa kanzu ya Kiswahili. "Turufu", neno wanalolipenda sana wahariri wa magazeti yetu, nalo limetoka kwenye meza hiyo hiyo.

Lakini Waswahili hawakukopa tu, walitengeneza. Chukueni mchezo ambao wazee wa pwani waliuita wahedi-u-sitini. Jina ni la Kiarabu, maana yake sitini na moja, na ndani ya jina hilo imo hesabu nzima. Ree ina alama 11, saba ina 10, mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3, mzungu wa pili ana 2. Jumla ya kila aina ni 30, na aina ziko nne, kwa hiyo meza nzima ina alama 120. Mwenye 60 hajashinda, mwenye 61 ameshinda. Tazameni uzuri wa jambo hili: mfalme hakuitwa mfalme, aliitwa "mzungu wa nne", kwa sababu kilichowashughulisha wachezaji hakikuwa taji lake bali thamani yake. Mchezo wenye asili ya Ureno, jina la Kiarabu na hesabu inayosemwa kwa Kiswahili ni muhtasari wa historia ya pwani yetu katika fungu moja la karata.

Mchezo huu huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, wenza wakiangaliana. Huruhusiwi kumwambia mwenzako ulichonacho, inakubidi ukisome katika kile anachokitupa. Lazima ukumbuke turufu ngapi zimetoka, nani alishindwa kufuata aina gani, na alama ngapi zimekwisha kuliwa. Bahati ipo katika kugawa, lakini anayedhani bahati ndiyo inayoamua, na akae mbele ya mzee wa Temeke kwa mikono kumi mfululizo, kisha atupe matokeo.

Nasema haya kwa kuwa nimekaa. Nilishiriki mashindano ya karata katika mtaa mmoja wa Temeke ambao sitautaja. Tulikuwa jozi 16. Kila jozi ilichangia shilingi 10,000, na shilingi 160,000 zilizopatikana zilitosha mbuzi wa mshindi na kreti za soda za watazamaji. Mwenza wangu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza kuwa ninafundisha chuo kikuu, aliitikia marahaba, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unaweza kuhesabu na kunyamaza kwa wakati mmoja?" Wengine walikuwa madereva wa bodaboda, mama lishe wawili waliotufunga midomo wengi, fundi wa majokofu, na vijana wanne waliomaliza kidato cha nne bila kupata pa kwenda. Daftari la matokeo lilishikwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, na sijaona kumbukumbu za kikao chochote cha idara zilizoandikwa kwa usafi kama ule.

Jumapili ya kwanza tulicheza michezo minane ya mzunguko wa awali. Jumapili ya pili, jozi nane zilizobaki zikiwa mezani, alifika afisa mmoja na mgambo watatu. Alisema mambo mawili: kwamba tunacheza kamari hadharani, na kwamba vijana wanazurura muda wa kazi. Ilikuwa saa kumi jioni ya Jumapili. Daktari wa falsafa aliombwa kwa heshima aende nyumbani. Mzee wa reli aliombwa apumzike. Vijana wawili, ambao kosa lao lilikuwa ni lile lile letu, walipakiwa na kulala kituoni. Walitoka kesho yake bila kufunguliwa shitaka lolote, mmoja akiwa amepoteza siku ya kwanza ya kibarua alichokitafuta kwa miezi mitatu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kama tulivunja sheria, tuliivunja sote. Kilichowatenganisha vijana wale na mimi hakikuwa kitendo, kilikuwa mwonekano: umri, ndala, na kukosa kitambulisho cha mwajiri. Sheria inayomkamata mtu kwa jinsi alivyo na si kwa alichotenda haistahili kuitwa sheria.

Silaha inayotumika ni kongwe. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza kutumika mwaka 1945, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Katika kifungu tulichokizoea kwa namba 176, sheria hiyo imewaweka katika kapu moja ombaomba, anayecheza mchezo wa bahati hadharani kwa ajili ya fedha au kitu chenye thamani ya fedha, na hata mtu mwenye nguvu zake asiye na kazi ya uzalishaji wala njia inayoonekana ya kujikimu. Mwanahistoria Andrew Burton, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kiitwacho African Underclass, ameeleza jinsi wakoloni walivyowaona vijana Waafrika wa Dar es Salaam kuwa "wahuni" wa kukamatwa na kurudishwa vijijini. Mji ulikuwa wa kazi za Mzungu. Asiye na kazi ya Mzungu hakuwa na haki ya mji.

Tulipopata uhuru hatukuitupa fimbo hiyo, tuliibadilisha mkono. Mwaka 1983 tulitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ikaendelea mijini kwa jina la ujenzi wa taifa. Tangu "Uhuru na Kazi" hadi "Hapa Kazi Tu", kaulimbiu zetu zimelisifu jembe, na si vibaya. Ubaya ni pale kiongozi anapopita barabarani asubuhi, akawaona vijana kwenye meza ya pool au ubao wa drafti, akaagiza wakamatwe, bila kuuliza kama kazi hiyo anayowataka wakaifanye ipo. Mlinzi aliyetoka lindo la usiku anacheza drafti saa tatu asubuhi. Je, huyo ni mvivu? Kuli wa sokoni aliyeanza kushusha mizigo saa tisa usiku, saa nne asubuhi ameshamaliza kazi yake. Mwenye kukaa ofisini saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu ndiye anayeidhani saa yake kuwa saa ya taifa.

Sasa tugeuze uso tuangalie upande wa pili wa barabara. Hatua chache kutoka pale tulipofukuzwa kuna duka lenye mashine za dubwi. Zinapokea sarafu za shilingi 200 kuanzia asubuhi, siku saba za wiki. Nimewaona watoto wenye sare za shule wakisimama mbele yake, ilhali umri wa kisheria wa kucheza kamari ni miaka 18. Hakuna mgambo aliyeingia. Kwa nini? Kwa sababu tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 tunayo Bodi, tunayo leseni, na tunayo kodi. Ukiwa na leseni, kamari huitwa sekta. Usipokuwa nayo, hata mbuzi huitwa kamari.

Na tusisahau kwamba ni huko huko Temeke uliko uwanja ulioitwa wakati huo Uwanja wa Taifa, ambako mwezi Julai 2017 kampuni ya kubashiri ya SportPesa iliileta Everton ya Uingereza kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney alifunga, nchi ikashangilia. Mwaka huo huo Simba na Yanga zote zilivaa jina la kampuni hiyo kifuani. Sisemi kampuni hiyo ilivunja sheria; haikuvunja. Nasema kwamba katika wilaya hiyo hiyo, mchezo wa kubahatisha ulipigiwa makofi na waheshimiwa, na mchezo wa kufikiri unafukuzwa na mgambo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tofauti ya kiuchumi iko wazi. Mashine ya dubwi imepangwa ili mwenye mashine ashinde mwishowe. Bila hivyo asingeinunua. Fedha za mtaa huingia na kuondoka mtaani. Katika mashindano yetu hakukuwa na mwenye nyumba wa kuchukua fungu lake. Shilingi 160,000 zilitoka kwa watu 32 na zikabaki kwa watu wale wale, wenye mbuzi, wenye soda na wauza soda. Kama kazi ya sheria ni kuwalinda maskini wasinyonywe, imemkamata asiyenyonya ikampa leseni anayenyonya.

Zipo hoja za upinzani, na nazijibu kwa heshima. Wapo viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wanaosema karata ni mlango wa kamari. Hofu yao ina msingi. Matapeli wa karata tatu wamewaliza wageni wengi kwenye stendi za jiji hili, na hao wakamatwe, kwa kuwa huo ni wizi. Lakini ubaya uko katika dau na ulaghai, hauko katika karatasi. Basi tuseme mashindano yasiwe na dau: halmashauri itoe kikombe na jezi kama inavyofanya kwa mpira wa miguu. Je, mgambo hawatakuja? Nadhani watakuja, kwa sababu shitaka la pili, la kuzurura, litakuwa bado mfukoni mwao.

Wengine husema ni kupoteza muda. Basi waambieni waliotengeneza biashara ya dunia nzima kutokana na karata. Mwaka 1993 Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alitoa mchezo wa Magic: The Gathering, na mwaka uliofuata yakafanyika mashindano yake ya kwanza ya dunia. Mwaka 1996 Japani ikatoa karata za Pokémon. Huko kijana mwenye karata huitwa mshindani. Na tofauti moja inatupa sisi sifa: katika michezo ile, mwenye fedha hununua karata zenye nguvu zaidi. Kwenye kijiwe chetu fungu ni moja, linachanganywa mbele ya wote, na mtoto wa mama lishe ana nafasi sawa na mwenye shahada ya uzamivu. Sijui taasisi nyingi za nchi hii zinazoweza kujisifu hivyo.

Bao nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1995 Alexander de Voogt alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa kuchunguza umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar. Mholanzi amepata udaktari kwa kile ambacho sisi tunakiita ukaaji wa vijiweni. Na picha za Mwalimu Nyerere akicheza bao tunazitundika kwa fahari. Mbona hatumwiti mzururaji?

Tufanye nini? Kwanza, Bunge lifute vifungu vya uzururaji. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, katika maoni ya ushauri namba 001/2018 yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilisema sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Ni kweli, maoni ya ushauri si hukumu. Lakini ni aibu mahakama ikae Arusha, sauti yake isikike bara zima, isipokuwa Dodoma.

Pili, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lisaidie karata, drafti na bao kupata utaratibu mwepesi wa usajili ngazi ya mtaa, usiomhitaji kijana kuwa na wakili. Tatu, manispaa za Kinondoni na Temeke zitenge meza na kivuli katika viwanja vilivyobaki, kabla havijageuzwa fremu za maduka. Nne, na hili ni kwenu watumishi wa umma mnaonisoma: hamhitaji sheria mpya ili kuacha kumkamata mtu asiye na kosa. Mtendaji wa mtaa ana hiari, na hiari hiyo ina jina, nalo ni busara.

Kwa wanafunzi wangu na wanaharakati, ombi langu ni fupi. Mkisikia msako wa "wazururaji", nendeni kituoni mkaulize maswali mawili: ametenda nini, na shitaka lake liko wapi? Vijana wale wawili hawakuwa na mtu wa kuwaulizia usiku ule. Mashindano yetu hayajamalizika hadi leo, jozi nane bado zinadaiana, na mbuzi ameshauzwa ili kufidia kibarua kilichopotea. Uamuzi huo ulipitishwa na wachezaji wote kwa kunyoosha mikono. Hao ndio "wazururaji" wanaolindiwa mji.