Kabla hamjapakia kompyuta za zamani, tuulizeni

Vijana wenzangu, na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo naomba tuongee kuhusu kompyuta.

Kituo chetu kilikuwa na kompyuta sita za zamani. Nzito, zinakula umeme, feni zake zinalia kama kinu cha mahindi. Lakini moja kati yake ilibeba daftari la kozi zetu zote: nani alianza, nani alimaliza, alipata alama ngapi. Mwalimu wetu mmoja, mzee aliyejifunza dBase akiwa bado kazini kule Bukavu, ndiye aliyelitengeneza, kwa mfumo wa DOS.

Siku moja likaja gari, likashusha kompyuta mpya, likapakia za zamani. Tukapiga makofi. Baada ya wiki mbili wenzetu wakaja kuchukua vyeti vyao. Daftari halipo! Mwalimu alikuwa na nakala kwenye flashi, ila ya miezi minane nyuma, na kompyuta mpya zikaikataa programu yenyewe. Windows ya biti 64 haifungui programu za DOS za biti 16. Waliomaliza ndani ya ile miezi minane wakaambiwa warudie kozi. Wengine hawakurudi tena.

Nilikasirika, nikaanza kusoma. Kumbe tatizo hili ni la zamani kuliko mimi, na watu walishalitafutia dawa.

Kompyuta ya Apple II, iliyotoka 1977, ilitumia prosesa ya 6502. Lakini programu nyingi za ofisi za siku hizo, kama WordStar ya kuandikia barua, zilikuwa za mfumo wa CP/M, uliotaka prosesa ya Intel 8080 au Z80. Mwaka 1980 Microsoft ikatoa kadi iitwayo SoftCard, yenye Z80 juu yake. Unafungua kompyuta, unachomeka kadi, na mashine ileile inakuwa na bongo mbili. Bei ilikuwa dola 349. Si hela kidogo, lakini nafuu kuliko kununua kompyuta ya pili. Watu waliigombania mpaka mwaka huo ikawa ndiyo bidhaa iliyoiingizia Microsoft pesa nyingi kuliko zote.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Shule nyingi za Marekani zilikuwa na programu za masomo za Apple II. Apple ilipotaka shule zihamie kwenye Macintosh LC, ilijua hakuna mwalimu atakayekubali kutupa masomo ya miaka yote hiyo. Basi mwaka 1991 ikatoa kadi ya Apple IIe ya kuchomeka ndani ya LC. Kwa waya wake maalumu uliweza hata kuunganisha kisomeo cha diski za zamani. Mashine mpya, masomo yaleyale.

Sasa we jiulize: kampuni inayotafuta faida ilifikiria kwanza mwalimu ana nini mkononi, ndipo ikamletea kipya. Kwa nini sisi tunaoletewa msaada tusiulizwe?

Najua kuna atakayesema kwamba kompyuta za zamani zina virusi, zinamaliza betri za sola, vipuri hakuna. Ni kweli, na sisemi tufuge vyuma chakavu. Tena siku hizi hata kadi haihitajiki. Kuna programu ya bure, DOSBox, inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya zamani, lakini ile nakala ya mwalimu ilifunguka humo siku tuliyoijaribu. Majina yakatokea, na alama zake. Ile miezi minane tu ndiyo haikuwepo. Utaalamu wa kuiokoa ulikuwepo, tena bure. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: “Humu ndani mna nini?”

Kwa hiyo ombi langu kwa mashirika ni dogo. Kabla gari halijaja, kaeni nusu siku na wanaozitumia kompyuta hizo. Nakilini kila kitu, kwenye sehemu mbili. Kisha jaribuni programu zetu kwenye mashine mpya wakati za zamani bado zipo mezani.

Na sisi vijana tusipige makofi haraka. Anayekuletea kipya ni mgeni mwema, lakini yeye hajui ulichoweka ndani ya kile cha zamani. Mwambie. Mwalimu wetu alinyamaza siku ile kwa sababu aliona aibu kuonekana anapinga msaada. Mpaka leo anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Je, kwenu mlipoletewa vifaa vipya, mlipoteza nini? Andikeni hapa chini.